Uzi: Kutoa bila kumwaibisha anayepewa. Jumuiya zenu zinafanyaje?

Mwanzisha uzi (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, Tumsifu Yesu Kristo, na wale wa Bwana Yesu asifiwe nao nawasalimu.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Kwa miaka minne nimekuwa mweka hazina wa jumuiya ndogo ndogo ya Wakatoliki majirani katika mtaa wa nyumba za kupanga, ambamo fundi cherehani, dereva wa bodaboda na mwalimu mstaafu wanatenganishwa na ukuta mmoja tu. Tunakutana kila Jumamosi saa 12:30 asubuhi, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Tunasali, tunasoma Injili ya Jumapili, tunatafakari, kisha unafika wakati wa michango. Hapo ndipo nilipokuwa nikisimama na daftari na kusoma: fulani, shilingi 2,000, fulani, shilingi 5,000, fulani, bado. Niliamini kwamba huo ndio uaminifu wenyewe, kwa kuwa fedha ya watu ikisomwa mbele ya wote hakuna atakayemshuku anayeitunza.

Yupo kwetu mama mjane, mtu mzima aliyevuka miaka 60, anayeuza mchicha na kulea wajukuu wawili. Jina lake nililisoma na neno "bado" Jumamosi tatu mfululizo, na ya nne hakuja. Tulisema amepoa kiimani, kama tunavyosema siku zote kwa haraka, na katibu akapendekeza atembelewe ili aonywe kwa upole. Nilitumwa mimi. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, anachambua mchicha juu ya ungo, majani mazuri upande huu na yaliyotobolewa na wadudu upande ule, na hakuacha kuchambua nilipokuwa nikizungumza. Nilipomaliza hotuba yangu alisema: "Mwanangu, mimi Mungu simkimbii. Ninakimbia daftari lako."

Tulipoendelea kuongea ndipo nikaelewa na jambo la pili. Zamu ya kupokea jumuiya ilipomfikia, mwaka uliotangulia, alituambia kuwa amesafiri. Hakusafiri. Alifunga mlango akakaa ndani, kwa sababu nyumba iliyotutangulia ilitupatia chai ya maziwa na chapati, na ile iliyoitangulia ilitupatia supu, naye siku hiyo hakuwa hata na sukari. Hakuna aliyewahi kuweka kanuni kwamba mwenyeji awalishe wageni. Desturi ilijijenga yenyewe, kila nyumba ikiongeza kidogo juu ya nyumba ya jana, mpaka sala ya Jumamosi ikawa na kiingilio.

Tangu siku ile nimekuwa nikikirudia kitabu cha Ruthu, sura ya pili. Torati ilikwisha kuagiza kwamba mganda uliosahauliwa shambani, matunda yaliyobaki juu ya mzeituni na zabibu zilizosalia baada ya mavuno viachwe kwa ajili ya mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu la Torati 24:19-21). Boazi, mwenye shamba ambamo Ruthu, mjane na mgeni, alikuwa akiokota masuke, angeweza kutimiza agizo hilo akaishia hapo. Yeye anakwenda mbele zaidi, anawaambia vijana wake wachomoe masuke katika miganda kwa makusudi na kuyaacha yaanguke, tena wasimkemee yule mwanamke. Ruthu anaokota, anapura, jioni anarudi kwa mkwewe na yapata efa moja (kipimo cha kale cha nafaka) ya shayiri, na kila punje aliyoibeba ameitolea jasho. Boazi ametoa, lakini amepanga mambo kwa namna ambayo anayepokea hakulazimika kunyoosha mkono.

Ufundi huo ndio tulioukosa sisi. Tunajua kutoa, na nadhani Watanzania hatuna haja ya kufundishwa kuchangia msiba au harusi. Lakini kumficha anayepewa, kumwachia uso wake, hilo hatukulipa uzito.

Jumuiya yetu imebadilisha mambo mawili. Michango inaingia katika kibubu cha mbao kinachopita kwa kila mtu, hata mkono mtupu unaingia na kutoka, na mimi nasoma jumla peke yake. Na kwa mwenyeji tumekubaliana kuwa ni maji ya kunywa tu, hata kama ni nyumba ya ghorofa. Nyumba ya yule mama, ambayo aliachiwa na marehemu mumewe, ilikuwa gizani kwa siku tisa wakati nilipomtembelea. Tulinunua umeme kwa namba ya mita yake, zile tarakimu 20 nikaziandika kwenye kipande cha karatasi, nikampa mjukuu wake mkubwa aziingize mwenyewe. Sikuingia ndani.

Naomba kusikia kwenu. Mnafanyaje ili wema wenu usiwe mzigo kwa mnayemtendea?

---

Mchangiaji wa Moshi

Mimi ni Mlutheri, na ninaposoma habari ya daftari lako nawaza mnada wetu. Baada ya ibada, nje ya kanisa, vitu vilivyoletwa madhabahuni kama sadaka vinanadiwa: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, maharage katika kisadolini, mayai. Bibi asiye na shilingi analeta yai moja, na yai lile linapata bei mbele ya watu wote. Nimeshuhudia yai likinunuliwa kwa shilingi 3,000, mnunuzi akalirudisha mezani linadiwe upya, likanunuliwa tena, na hatimaye likapewa bibi mwingine alipeleke nyumbani. Katika kuzunguka kwake, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika nani alikuwa mtoaji na nani alikuwa mpokeaji.

Hata hivyo mnada nao una ugonjwa wake. Wakifika wenyeji wa mjini mwezi wa Desemba, bei zinapandishwa kwa majivuno, na mama aliyekuja na shilingi 2,000 akitumaini kununua ndizi za mchana anaondoka hana ndizi na hana sauti.

---

Mchangiaji asiyekubaliana

Naomba nitofautiane na mwanzisha uzi kwa heshima. Mimi ni mzee wa kanisa, na kila wiki ninapokea watu wenye shida. Wapo wanaoleta cheti cha hospitali cha mwaka juzi, wapo wanaozunguka sharika tatu kwa siku moja na kisa kilekile, na yupo aliyemzika mama yake mara mbili katika ofisi yetu. Mkiondoa daftari na mkaanza kutoa kwa kificho, mnafungua mlango kwa walaghai, na fedha wanayokula ni ile ya mjane mnayetaka kumlinda. Mtume Paulo mwenyewe aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi, chakula naye asile. Upole usiokuwa na utaratibu ni uzembe.

---

Mchangiaji aliyejitolea kituo cha watoto

Nilisaidia katika kituo cha kulelea watoto yatima kwa muda wa miaka miwili, na napenda kuongeza jambo ambalo halijatajwa, nalo ni kalenda. Wiki ya mwisho kabla ya Noeli tulipokea vikundi hata vitano kwa siku moja: kwaya, wafanyakazi wa ofisi, wanafunzi wa zamani wa shule fulani. Kila kikundi kilileta mchele, soda, biskuti na bango lake la kupigia picha, na watoto walipangwa mstari mbele ya magunia mara tano, wakaimba mara tano. Kufikia Machi tulikuwa tukikopa mkaa. Soda zilikuwa bado zipo.

Siwalaumu, kwa sababu walitoa kwa moyo na wengine walilia machozi ya kweli. Ila nakumbuka mama mmoja, muuza duka, ambaye hakuwahi kuja Desemba. Alikuja kila Jumanne ya pili ya mwezi na miche kumi ya sabuni na pakiti za taulo za kike kwa ajili ya wasichana wakubwa, anaviacha jikoni, anakunywa maji, anaondoka. Huyo watoto walimfahamu kwa sauti ya kandambili zake.

---

Mchangiaji wa Kipentekoste

Nashukuru kwa mada, lakini tuwe waangalifu. Tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Nimeona makanisa yaliyogeuka kuwa mashirika ya misaada, Injili ikabaki kwenye kichwa cha barua. Mtu akipewa unga bila kupewa Neno, kesho atakuwa na njaa ya aina nyingine.

---

Mchangiaji wa Tanga

Mimi ni Mwislamu na nimeingia kama jirani, mkiniruhusu. Yale maneno ya Injili ya Mathayo kuhusu mkono wa kushoto kutojua ufanyalo mkono wa kuume yana ndugu yake kwetu. Katika hadithi mashuhuri ya watu saba watakaofunikwa na kivuli cha Mwenyezi Mungu siku isiyokuwa na kivuli ila chake, mmoja wao ni yule aliyetoa sadaka akaificha hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia.

Nyumbani kwetu bibi alikuwa akinituma wakati wa futari kupeleka sinia kwa majirani, Waislamu na Wakristo, na daima sinia lilifunikwa kawa. Nilidhani ni kwa ajili ya nzi. Nilipokuwa mkubwa ndipo aliponieleza kwamba njia nzima isijue kama umepeleka pilau au umepeleka mihogo, maana anayepelekewa pilau leo asionekane ana bahati, na anayepeleka mihogo asionekane hana kitu. Na sinia halikurudi tupu. Lilirudi hata na ndimu mbili. Bibi alizipokea ndimu zile kwa furaha kuliko alivyotoa pilau, ingawa uani kwetu palikuwa na mdimu.

---

Mchangiaji wa Dodoma

Kwa ufupi: jumuiya yetu iliamua kuacha kuchangisha kila mtu anapougua, ikaanza kulipia bima ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) kwa kaya tatu zilizo duni zaidi. Wakati huo ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Mtoto akishikwa na malaria usiku, mama anachukua kadi anakwenda zahanati kama watu wengine wote, haamshi mwenyekiti wa jumuiya kuomba. Kadi haisemi nani aliilipia.

---

Mwanzisha uzi

Nimesoma kila jibu, mengine mara mbili. Naomba nianze na mzee wa kanisa, kwa kuwa hoja yake ndiyo nzito.

Ni kweli kwamba wema unahitaji utaratibu, na Maandiko yako upande wake. Ugomvi wa kwanza ndani ya Kanisa la Yerusalemu unaosimuliwa kwa kirefu, katika Matendo ya Mitume sura ya sita, ulihusu mgawo wa chakula: wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema kwamba jambo hilo ni dogo, wala hawakuwaambia wajane wasubiri kwa imani. Waliagiza wachaguliwe watu saba. Sasa tazama majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Kwa usomaji wangu, kusanyiko lilikabidhi ghala kwa watu wa upande ule uliolalamika. Basi, mzee wangu, tunapounda kamati ya kuhakiki wahitaji, mara ngapi tunamweka ndani yake mhitaji? Yule mama wa mchicha anafahamu mtaani kwetu nani ana njaa ya kweli na nani anacheza na huruma za watu, kuliko ninavyofahamu mimi ninayetoka alfajiri na kurudi usiku. Tumemwomba aingie katika kamati yetu, na mwezi wa kwanza alitupunguzia majina mawili katika orodha na kutuongezea moja ambalo hakuna aliyelifikiria, nalo ni la yule mwalimu mstaafu, mwenye nguo safi na kiwanja, ambaye kumbe alikuwa akila mlo mmoja.

Kwa dada wa kituo cha watoto: hadithi yako ya soda ilinikumbusha jambo lililompata Padre Vinsenti wa Paulo huko Châtillon, Ufaransa, mwezi Agosti mwaka 1617. Jumapili moja, alipokuwa akivaa kwa ajili ya Misa, aliarifiwa kwamba familia moja iliyokaa pembeni mwa kijiji ilikuwa imelala mahututi wote, hakuna wa kumnywesha mwenzake maji. Aliwahubiria watu habari hiyo kwa uchungu. Mchana alipokwenda mwenyewe kuwaona, alikuta njia imejaa watu, wengine wakienda na wengine wakirudi, wamepumzika chini ya miti kwa sababu ya joto, na vyakula vimefurika katika nyumba ile. Jambo alilolitambua ni kwamba upendo ni mkubwa ila haukupangwa: leo wana vingi mno, vingine vitaoza, na kesho watakuwa palepale walipokuwa. Ndani ya siku chache aliwakusanya akina mama wakagawana siku, kila mmoja na zamu yake, na mwezi Desemba mwaka uleule chama chao kilipata kanuni rasmi.

Kanuni ile ndiyo ninayopenda watu waisome, kwa sababu inashuka hadi mezani. Mama anayehudumu anaagizwa kumtandikia mgonjwa kitambaa, kumnawisha mikono kabla ya kula, kusali na kuzungumza naye kwa uchangamfu. Tena inasema aanze na wagonjwa walio na mtu wa kukaa nao, amalizie na wale walio peke yao, ili apate muda mrefu zaidi wa kukaa nao. Nadhani aliyeandika hivyo alikuwa amewahi kuona mgonjwa akiachwa na sahani mlangoni. Muuza duka wako wa Jumanne ya pili angekaribishwa vizuri sana Châtillon.

Kwa ndugu wa Kipentekoste nitasema machache. Waefeso 2:8-9 ulizozirejea zinafuatwa mara moja na aya ya kumi, inayosema kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza. Naye Yakobo anamchora mtu anayemwambia mwenzake aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa chochote. Maneno yale ni mazuri, hata yana sura ya baraka. Hofu yako kuhusu makanisa kugeuka mashirika naielewa. Ila mtaani kwetu hatari iliyopo ni ile nyingine.

Mgeni wetu wa Tanga, umetupa kitu. Kawa nimelifahamu maisha yangu yote na sikujua linafunika nini. Na zile ndimu mbili zimenisumbua kwa siku mbili, maana sisi katika jumuiya tulikuwa tumepanga namna ya kumpa yule mama bila aibu, lakini hatukuwa tumempangia nafasi ya kurudisha sinia.

---

Mchangiaji asiyekubaliana

Hoja ya kamati nimeikubali, na nitaipeleka katika baraza la wazee. Lakini hujajibu kuhusu fedha. Ukisoma jumla tu, mtoaji atajuaje kwamba shilingi 5,000 yake imefika? Nawe siku ukisingiziwa, utajiteteaje?

---

Mwanzisha uzi

Swali la haki. Kibubu chetu kina kufuli, na funguo ninayo mimi pamoja na mwanajumuiya mwingine anayebadilika kila mwezi. Tunahesabu wawili palepale, mbele ya wote, tunaandika jumla, tunatia sahihi. Matumizi yanasomwa kwa kiasi na kwa aina ya hitaji, yaani dawa, kodi ya chumba, sare za shule, bila jina. Ile michango ya parokia inayohitaji jina, kama zaka, inabaki katika kadi na bahasha ya mtu, nayo haisomwi Jumamosi. Anayetaka kuona daftari la matumizi anakuja nyumbani kwangu anakaa nalo. Kufikia sasa wamekuja wawili, na mmoja alikuwa amefuata kahawa.

Kama jambo hili linaonekana geni, lina umri mkubwa kuliko daftari langu. Mnamo miaka ya 150, mjini Roma, Yustino aliyekuja kuwa shahidi alieleza ibada ya Jumapili ya Wakristo kwa watawala wasiowafahamu. Anasema walio na uwezo hutoa kila mmoja kadiri apendavyo, kinachokusanywa huwekwa kwa msimamizi, naye huwasaidia yatima na wajane, wagonjwa, waliofungwa na wageni wanaopita. Katika maelezo hayo hakuna viwango wala majina ya watoaji. Walioorodheshwa ni wanaopokea, tena kwa hali zao tu.

Nimalizie na habari ya Jumamosi iliyopita, kwa kuwa wawili wenu mmeniuliza faragha kuhusu yule mama. Zamu ilikuwa kwa yule mama. Tulifika saa 12:30, taa ya nje ilikuwa inawaka ingawa kulikuwa kumekwisha kupambazuka, na mikeka miwili ilikuwa imetandikwa uani. Tulisali, tukasoma, kibubu kikapita. Nilipokuwa nikifunga daftari, mjukuu wake mkubwa alitoka jikoni na sinia la mihogo ya kuchemsha, nyuma yake mdogo na bakuli la kachumbari yenye pilipili, na mama mwenyewe akiwa na birika la chai ya mkandaa. Mwenyekiti aliniangalia mimi, nami nikamwangalia katibu, ambaye ndiye aliyeiandika ile kanuni ya maji kwa mkono wake. Katibu alisogeza mguu ili sinia lipate nafasi, akanawa mikono.